Dalia: uanze na kiazi, pakiti ya dukani, kipandikizi au mbegu?

Mtu akitaka kupanda dalia, ua la bustani linaloota kutoka viazi vya chini ya ardhi, ana njia nne za kuanzia. Anaweza kuagiza kiazi kimoja kimoja kwa mkulima anayeshughulika na dalia tu. Anaweza kuchukua pakiti kwenye rafu ya duka kubwa, ile yenye picha ya ua kwa mbele na viazi vilivyofukiwa kwenye maranda kwa ndani. Anaweza kununua kipandikizi, yaani chipukizi lililokatwa juu ya kiazi na kuoteshwa mizizi kwenye kikopo. Au anaweza kusia mbegu. Njia zote nne huweza kutoa maua mwaka ule ule wa kwanza, na hapo ndipo wengi wanapokwama: kama zote zinachanua, kwa nini ulipe zaidi?

Nawaandikia hasa ndugu zetu wanaolima bustani ndogo kwenye nchi zenye majira ya baridi, Uingereza, Ujerumani, Marekani na Kanada, na pia wanaopanda maua huku nyanda za juu, Limuru, Lushoto, Njombe au Kigali. Ushauri wangu mkubwa ni huu: usichague dalia kwa kuangalia picha ya Agosti. Chagua kwa kujua italala wapi Novemba. Mmea huu una maisha mawili, moja juu ya ardhi na moja chini, na tofauti kubwa kati ya njia hizi nne huonekana kwenye maisha yale ya chini.

Asili yake inaeleza mengi. Dalia ni mmea wa milima ya Meksiko na Amerika ya Kati. Mbegu zake zilifika bustani ya kifalme ya Madrid mwaka 1789, na mwaka 1791 padri na mwanabotania Antonio José Cavanilles akaupa mmea jina la Anders Dahl, mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi. Meksiko iliutangaza kuwa ua lake la taifa mwaka 1963. Kule kwao hukua wakati wa mvua, usiku ukiwa wa ubaridi, kisha ukame ukija majani hukauka na kiazi kinalala ardhini hadi mvua irudi. Hakikuzoea ardhi inayoganda kuwa barafu, wala hakikuzoea kulala kwenye maji. Ndiyo maana dalia hustawi vizuri zaidi Lushoto kuliko Tanga mjini, na ndiyo maana mkulima wa Toronto hana budi kuing'oa kila mwaka.

Vigezo vya kulinganisha

Nitazipima njia zote kwa mambo matano: uhakika wa kupata ua ulilotaka, gharama, kazi na muda, hatari ya magonjwa, na jinsi mmea utakavyovuka majira ya mapumziko. La mwisho nitalipa nafasi kubwa kuliko mengine.

Uhakika wa ua

Kiazi na kipandikizi hubeba mmea ule ule wa mama. Ukinunua Café au Lait, ua lile kubwa la rangi ya kahawa yenye maziwa mengi linalopendwa sana kwenye harusi, utapata Café au Lait, ingawa hata lenyewe hubadilika kidogo: shina moja hutoa maua ya krimu, jingine hukaribia waridi. Mkulima maalumu ana sababu ya kutunza majina vizuri, maana jina ndilo analouza. Aina zilizo adimu utazikuta kwake tu.

Pakiti ya dukani nayo ni mmea wa mama mmoja, ila imepita mikono mingi. Viazi hivi hulimwa kwa wingi, vingi Uholanzi, vikapangwa na kufungashwa kwa mashine, na lebo kuchanganyika si jambo la ajabu. Anayetaka tu kona yenye rangi nyekundu na njano hatapata hasara. Anayepanda mstari mzima wa rangi moja kwa ajili ya kuuza, huo ni mchezo wa kubahatisha.

Mbegu ni habari nyingine kabisa. Dalia za bustani zina seti nane za kromosomu, yaani vibebaji vya urithi, wakati viumbe wengi, binadamu akiwemo, wana mbili. Ndiyo maana kila mbegu huchanganya urithi upya, na mtoto hafanani na mama wala na ndugu zake. Ukisia mbegu za ua jeupe kubwa, tarajia maua madogo, ya wazi, ya rangi za kila namna. Baadhi ya mbegu huuzwa kwa kundi lenye tabia fulani, mfano Bishop's Children, ambazo kwa kawaida hutoa majani meusi-meusi na maua ya wazi yanayopendwa na nyuki. Uzuri wa mbegu ni kwamba ukipata ua linalokupendeza, duniani hakuna jingine kama hilo, na kiazi chake utaweza kukigawa na kukizidisha miaka yote ijayo. Dalia nyingi zenye majina tunazozifahamu zilianza hivyo, kwa mche mmoja wa mbegu ambao mtu aliupenda.

Gharama, na kiazi kilicho hai

Kwa bei ya kipande kimoja, kiazi cha mkulima maalumu ndicho ghali, na aina zinazotafutwa huisha mapema, wakati nje bado kuna theluji. Utalipa Januari na kupelekewa karibu na wakati wa kupanda. Pakiti ni nafuu zaidi, na mara nyingi ndani yake kuna fungu dogo zima badala ya kiazi kimoja. Kipandikizi huwa katikati. Mbegu ndiyo rahisi kuliko zote ukihesabu kwa mche.

Lakini bei haina maana usipojua kiazi kilicho hai kinafananaje. Kiazi mviringo kina macho mwili mzima. Cha dalia hakina. Jicho lake liko sehemu moja tu, kwenye kichwa, pale shingo ya kiazi inapoungana na shina la zamani. Kiazi kinono kilichokatika bila kipande cha kichwa kinaweza kukaa ardhini msimu wote kikiwa kizima, hata kikatoa mizizi, na kisichipue kamwe. Kwa hiyo angalia vitu vitatu: kichwa kipo, shingo haijavunjika, mwili ni mgumu ukiubonyeza. Ukubwa hauna umuhimu ambao watu huupa. Kiazi cha ukubwa wa betri nene ya tochi kinatosha kuotesha mmea unaokuzidi urefu.

Hapa pakiti ina udhaifu wake. Huwezi kuona vizuri, na mara nyingi viazi vimekaa wiki nyingi kwenye duka lenye joto. Bonyeza polepole kwa nje ya mfuko: kilicho chepesi na kilichosinyaa kama ngozi kavu kimepoteza maji, kilicho laini kimeoza. Chipukizi fupi linalochungulia ni habari njema, lile refu jeupe linalojikunja ndani ya mfuko si tatizo kubwa ila litavunjika safarini. Nunua mara pakiti zinapofika dukani, usisubiri zipunguzwe bei. Kwa mkulima maalumu, uliza jambo moja kabla ya kulipa: je, anatuma kiazi kingine, au anarudisha fedha, kisipochipua? Wengi wana utaratibu wa namna hiyo, na wenye utaratibu ulioandikwa wazi ndio wa kuwapa fedha zako.

Kuna hesabu nyingine ambayo haionekani kwenye bei: kiazi huzaa. Kiazi kimoja kilichopandwa majira ya kuchipua kinaweza kutoa fungu la viazi vitano, wakati mwingine zaidi ya kumi, kufikia vuli, yaani majira ya majani kupukutika kabla ya baridi. Si vyote vitakuwa na jicho, lakini aliyenunua kwa bei kubwa mwaka huu anaweza asinunue tena aina hiyo maishani. Hilo ni kweli iwapo tu anajua kuhifadhi.

Kazi na muda

Kiazi, kiwe cha mkulima au cha pakiti, ndicho kinachodai kazi ndogo mwanzoni. Subiri hatari ya jalidi ipite, ule umande unaoganda alfajiri, na udongo ufikie nyuzi 15 za selisiasi hivi. Chimba sentimita 10 hadi 15, laza kiazi ubavu, fukia, na usimwagilie hadi chipukizi litokeze, isipokuwa udongo uwe mkavu kabisa. Kiazi kina maji yake ya kuanzia, na kabla hakijatoa mizizi, maji mengi hukiozesha. Nadhani viazi vingi vinavyopotea wiki za kwanza hupotea kwa upendo wa namna hii, mtu akimwagilia kila jioni mahali pasipo na kitu kilichoota.

Kipandikizi ni kinyume chake. Kinakuja na majani na mizizi michanga, kinataka maji siku ile ile, kinataka kikopo kikubwa zaidi na siku kadhaa za kuzoeshwa jua na upepo kabla ya kuhamia shambani. Kikichelewa njiani kinateseka, tofauti na kiazi ambacho safari haikisumbui. Mwenye kiazi anaweza pia kujitengenezea vipandikizi: anakiamsha ndani ya nyumba mwezi wa pili, kichwa kikiwa juu ya udongo, na chipukizi likifika sentimita 7 au zaidi kidogo analikata na kulichomeka kwenye udongo laini wenye unyevu. Baada ya wiki mbili tatu hivi mizizi huwa imetoka, na kiazi kinaendelea kutoa machipukizi mengine.

Mbegu husiwa ndani, wiki sita hadi nane kabla ya jalidi ya mwisho, kwenye joto la nyuzi 20 hivi. Huota ndani ya wiki moja au mbili. Kazi yake ni mwanga: miche ya dirishani hurefuka na kulegea pasipo mwanga wa kutosha.

Baada ya hapo njia zote hukutana. Dalia zote zinataka jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku, udongo usiotuama maji, nafasi ya sentimita 45 hadi 60, na ulinzi dhidi ya koa, ambao wanaweza kumaliza machipukizi kwa usiku mmoja. Mmea ukiwa na jozi tatu au nne za majani, kata ncha yake ili utoe matawi. Zile ndefu zipewe mti wa kuegemea mapema, siku ya kupanda ikiwezekana, ili usije ukachoma viazi baadaye. Samadi iliyooza vizuri inafaa, lakini naitrojeni ikizidi utavuna majani.

Magonjwa na mipaka

Hapa mbegu ina nafasi nzuri kuliko zote. Virusi vya dalia husafiri ndani ya kiazi na ndani ya kipandikizi kizazi hadi kizazi, na havina dawa. Kwenye mbegu hatari ni ndogo zaidi, ingawa haijaisha kabisa. Dalili zake ni majani yenye mabaka ya njano kando ya mishipa, mmea kudumaa, maua kupasuka rangi bila mpangilio. Kuna pia uvimbe wa bakteria: kichwa cha kiazi huota donge kama koliflawa, au vichipukizi vingi vifupi vilivyojazana mahali pamoja. Vyote hivi vitupwe kwenye taka, visiwekwe kwenye mboji. Kisu chako kikipita kwenye mmea mmoja kioshe kabla hujagusa wa pili, kwa dawa ya kung'arishia nguo, ile watu huita jiki, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji.

Mkulima maalumu unaweza kumuuliza anavyokagua mashamba yake, na kwa pakiti huna wa kumuuliza. Kipandikizi kina faida ya kuonekana: majani yako mbele yako, unaweza kuyakagua kabla ya kupanda, jambo ambalo kiazi kilicholala hakikupi.

Nawasihi wanaosafiri: usitie viazi kwenye begi ukirudi nyumbani. Kenya, KEPHIS, taasisi ya serikali inayokagua afya ya mimea, inataka kibali cha kuingiza mmea kabla haujasafiri pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi ulikotoka. Tanzania, mwenye dhamana ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Mbegu nazo zina masharti yake, usidhani udogo wake unazisamehe. Hata kati ya Umoja wa Ulaya na Uingereza, tangu Uingereza ijitoe, viazi vya dalia vinahitaji cheti. Tunachokilinda ni mashamba ya jirani zetu, nyanya na viazi vyao, kwa kuwa baadhi ya virusi vya dalia hushambulia mazao hayo pia.

Kulala: njia tatu za kuvusha viazi

Dalia hupima urefu wa mchana. Mchana ukikaribia saa 12 na kushuka, mmea huanza kupeleka chakula chini na kunenepesha viazi. Kufikia Oktoba kwenye nchi za kaskazini, kila mmea una fungu lake, lakini mafungu hayafanani. Kiazi cha mkulima na cha pakiti hutoa fungu kubwa lenye viazi vinene. Kipandikizi kilichopandwa shambani mapema nacho hutoa fungu zuri, ila kilichobaki kwenye kikopo kidogo hutoa viazi vidogo. Mche wa mbegu, mwaka wa kwanza, mara nyingi huwa na viazi vyembamba. Ngozi ya kiazi cha dalia ni nyepesi sana kuliko ya kiazi mviringo, kwa hiyo kadiri kilivyo chembamba ndivyo kinavyokauka upesi.

*Kukiacha ardhini.* Hakuna kazi kabisa: kata shina, funika kwa majani makavu au mboji nene, ngoja. Inawezekana London na pwani ya kusini ya Uingereza, na Seattle, kama udongo unapitisha maji. Kwenye mfinyanzi unaotota, kiazi kitaoza hata kama barafu haikukifikia. Minneapolis au Stockholm usijaribu. Kasoro yake nyingine ni kwamba fungu linalokaa miaka mingi hujibana, na maua hupungua hadi uligawe.

*Kung'oa fungu zima.* Subiri jalidi iunguze majani yawe meusi, kata shina libaki kama sentimita 10, chimba kwa mbali kuzunguka mmea na uinue fungu kwa uma wa bustani bila kulivuta kwa shina, maana shingo huvunjika. Lianike siku moja au mbili kivulini lipoteze maji ya juu, kisha lifukie kwenye boksi lenye pitimosi (mabaki laini ya mimea ya kinamasi), maranda au mchanga wenye unyevu kidogo sana. Njia hii ni salama zaidi kwa viazi vyembamba vya mbegu na kwa anayeanza, kwani shina na udongo kidogo huvilinda. Inachohitaji ni nafasi. Mafungu kumi hujaza kona nzima ya besmenti, chumba cha chini ya nyumba.

*Kugawa kabla ya kuhifadhi.* Unaosha fungu, unakata kila kiazi na kipande cha kichwa chenye jicho, unaandika jina juu ya ngozi kwa kalamu isiyofutika, unahifadhi kwenye vemikulaiti (punje nyepesi za madini) ndani ya kisanduku, au unakizungushia kila kimoja nailoni ya jikoni. Viazi vingi vinaingia kwenye boksi moja la viatu vya buti. Vuli kichwa bado ni laini na kisu kinapita kirahisi, ila macho ni magumu kuyaona. Ukisubiri majira ya kuchipua macho huonekana wazi, lakini kichwa kimekuwa kigumu kama mti. Wauzaji wengi hugawa vuli kwa sababu ya nafasi. Kwa mtu mwenye mafungu machache, mimi ningesubiri.

Popote utakapoviweka, lenga nyuzi 4 hadi 10. Chini ya sifuri vinakufa, juu ya 10 vinaamka au vinasinyaa. Vifungue kila mwezi. Kilichooza kata sehemu mbovu au kitupe, kilichokunjamana nyunyizia maji kidogo. Kukagua huku kunaokoa viazi vingi kuliko uchaguzi wa kitu cha kufukia.

Huku karibu na ikweta mchana una saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo dalia huchanua mapema, hubaki fupi kiasi na kutengeneza viazi bila kusubiri vuli. Tishio letu ni masika. Panda kwenye tuta lililoinuliwa, acha mmea upumzike wakati wa kiangazi, na ung'oe kila baada ya miaka miwili au mitatu kwa ajili ya kugawa.

Kulingana na hali yako

Kama ni mwaka wako wa kwanza na una besmenti au banda la gari lisiloganda, chukua pakiti mbili tatu mapema na kiazi kimoja cha mkulima cha aina unayoipenda kweli. Pakiti zitakufundisha kung'oa na kuhifadhi bila hofu ya kupoteza kitu cha thamani.

Unaishi ghorofani na una kibaraza tu? Chagua aina fupi, kwa kipandikizi au mbegu, kwenye chungu cha lita 15 au zaidi. Majira ya baridi chungu chote, udongo ukiwa mkavu, kinaweza kulala kwenye stoo ya baridi bila kung'olewa kitu.

Aliyepanga nyumba na huenda akahama kabla ya majira ya kuchipua asiweke fedha nyingi kwenye viazi. Mbegu zinamtosha, na akipata ua la ajabu atabeba fungu moja tu.

Mwenye kuuza maua ya kukata anahitaji majina ya uhakika na rangi zisizobadilika: viazi vya mkulima maalumu mwaka wa kwanza, kisha vipandikizi vyake mwenyewe mwaka wa pili ili kuongeza idadi bila kununua tena. Akague kila mmea Agosti na kuondoa wenye mabaka kabla hajaanza kukata machipukizi.

Kwa walio nyanda za juu, njia rahisi na halali ni fungu kutoka kwa jirani au kitalu cha karibu, lenye shina ambalo umeliona likichanua. Mbegu zilizoingizwa na muuzaji mwenye kibali ni nyongeza nzuri kwa anayetaka rangi mpya.

Na kama unapanda kwa ajili ya harusi ya Septemba, kwa bwana na bibi harusi wanaotaka ua moja mahususi, agiza viazi kwa wakulima wawili tofauti ifikapo Januari, viamshe kwenye vikopo ndani ya nyumba wiki nne hadi sita kabla ya kuvihamishia nje, na panda vichache vya ziada. Dalia huhitaji kama miezi mitatu hadi minne tangu kupandwa hadi kuchanua vizuri, na kiazi kisichochipua Mei kinakuachia muda mdogo sana wa kutafuta kingine.